Siku Niliyoikalia Helmeti ya Espoir

Wadogo zangu mnaoingia kwenye chumba cha vifaa,

Mnisamehe mwandiko kabla ya yote. Mkono wangu unaandika kama mtu anayetembea juu ya barafu, hatua moja kisha anasimama kuangalia kama ataanguka. Shule yangu iliishia darasa la sita, kule Uvira, na Kiswahili chetu cha nyumbani si kile cha vitabuni. Mkikuta herufi imekaa mahali si pake, ipiteni tu. Binti wa mchungaji amenisahihishia kurasa za mwanzo. Alipoanza kucheka nikazichukua karatasi zangu, kwa hiyo za mwisho ni kosa langu mwenyewe.

Katibu wa vijana alitaka nisimame mbele ya kanisa niwaeleze kazi hii, kwa sababu watatu kati yenu mmeajiriwa. Nilimwambia afadhali nioshe vyoo vya kanisa mwaka mzima. Mnanijua. Hata kuomba chumvi mezani kwa watu nakuwa nimeshiba kabla sijaipata. Ndiyo maana naandika.

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na tatu. Chekeni, hata mama yangu alicheka. Sabuni kali ya nguo za wachezaji ilinichubua mikono mpaka daktari akaniambia nichague kati ya mikono na kazi. Sasa napanga maboksi kwenye ghala na mikono imepona. Lakini misimu mitatu, kuanzia 2013 hadi 2015, nilikuwa mtu wa vifaa wa timu ya mpira wa Kimarekani, kwenye chuo kimoja hapa Buffalo ambacho sitakitaja. Na kila mwezi wa tisa ukifika, bado najikuta nahesabu helmeti usingizini.

Niwaambie kwa nini mwezi wa tisa. Vyuo vimegawanyika katika ligi, na timu yetu ilikuwa kwenye ligi ya vyuo vya kawaida. Lakini kabla ya mechi za ligi kuanza, tulikuwa tunaalikwa na vyuo vikubwa vya ligi nyingine, vile ambavyo uwanja wao peke yake unaweza kumeza mji mzima wa nyumbani kwetu na bado viti vikabaki. Wao wanatafuta ushindi wa kuanzia msimu. Sisi tunatafuta kuonekana kwenye televisheni. Kila mtu anajua nani atapigwa, isipokuwa vijana wetu wenyewe, ambao mwaka baada ya mwaka wanapanda ndege wakiamini mwaka huu ndio wenyewe. Mtu wa vifaa hana ruhusa ya kuamini wala kutoamini. Anatakiwa ahakikishe kwamba wakipigwa, wapigwe wakiwa wamevaa vizuri.

Maneno hayo si yangu, ni ya Mzee Walt. Mtamsikia sana humu. Alikuwa mkuu wa chumba cha vifaa, mzaliwa wa mtaa wetu huu wa Black Rock, na alikuwa amefanya kazi hiyo tangu kabla baba zenu hawajaoa. Jina langu Byamungu lilimshinda siku ya kwanza, akaniita B, na B nikabaki. Alikuwa anatukana mashine za kufulia kwa majina ya wake zake wawili wa zamani. Mimi hakunitukana hata mara moja. Siku niliyochanganya soksi nyekundu na suruali nyeupe, na timu nzima ikafanya mazoezi imevaa rangi ya waridi, aliniangalia muda mrefu, akasema, "B, wanapendeza. Usirudie."

Sasa sikilizeni habari ya helmeti, maana hiyo ndiyo kazi. Mengine yote ni kufua.

Helmeti si kofia ya kuvaa tu. Ndani ina mifuko midogo ya hewa, unaijaza kwa pampu ya mkono mpaka ikamate kichwa. Halafu unamshika mchezaji kwenye chuma cha mbele cha kulinda uso, unamwambia akaze shingo, unaizungusha kushoto na kulia. Ngozi ya paji la uso ikienda pamoja na helmeti, sawa. Helmeti ikienda na ngozi ikabaki, hapana, rudi kwenye pampu. Hewa inapungua kwenye baridi na kuvimba kwenye joto, kwa hiyo helmeti uliyoipima kwenye chumba chetu cha Buffalo si ile utakayoikuta Columbus saa sita mchana. Pima tena mkifika. Mchezaji akiloa jasho, pima tena. Akikuambia "niko sawa," ndipo upime kabisa.

Na akinyoa nywele, pima tena. Hilo naliandika peke yake, kwa sababu mimi ndiye niliyelikosea.

Msimu wangu wa pili alijiunga na timu Espoir, mtoto wa Maman Neema. Nyinyi mnamjua kama yule mrefu aliyekuwa akipiga mpira nyuma ya kanisa mpaka akavunja taa ya nje. Baba yake alizikwa kambini Tanzania, Espoir akiwa bado mdogo wa kubebwa. Alikuwa mpigaji, yaani yule anayeingia uwanjani kuupiga mpira kwa mguu, ama kuanzisha mchezo ama kuupitisha kati ya zile nguzo mbili ndefu upate pointi tatu. Watoto wetu wanaokua na kandanda miguuni wanaiweza kazi hiyo. Lakini hakuwa na ufadhili wa masomo. Alikuwa anacheza bure na kusoma kwa mkopo, na kocha mkuu alimwambia wazi kwamba ufadhili mmoja wa mpigaji upo, na atamwangalia kwenye mechi kubwa.

Maman Neema alinikuta mlangoni mwa kanisa, Jumapili moja kabla ya msimu. Anafanya kazi ya kulea wazee, ana mikono ya kunyanyua watu wazima. Alinishika bega.

"Byamungu, mutoto wangu iko anaenda kugongana na Wamarekani. Mi sijui ile muchezo. Naona tu wanaangukana sawa ngombe. Donc, wewe ndiye unavalisha ile kofia?"

"Ndiyo, Maman."

"Bon. Kichwa ya Espoir nimekupatia wewe. Sitaki kuulizana na Muzungu mimi. Nitakuuliza wewe."

Nikasema ndiyo, Maman, kama mtu anayepewa sahani ya chakula. Sikujua nimepokea nini.

Espoir mwenyewe, kazini, hakutaka tuongee Kiswahili. "Yaya, watu watacheka," aliniambia siku ya kwanza, na baada ya hapo ilikuwa Kiingereza tu, hata tukiwa wawili kwenye chumba cha vifaa. Nyumbani aliniita yaya, yaani kaka mkubwa. Kazini nilikuwa B kama kwa wengine. Sikumlaumu. Na mimi ningekuwa mrefu vile na wasichana wananiangalia, labda nami ningeogopa lugha yangu.

Basi, Columbus, mji wa chuo kikubwa kilichotualika msimu huo. Nyinyi mtaambiwa na wachezaji kwamba kabla ya mechi kubwa wanataka kupendeza, kwa sababu mama zao watawaona kwenye televisheni. Vijana wa kanisani kwetu walikuwa wananyolewa na mimi, jikoni kwetu Black Rock, kwa mashine niliyoinunua kwenye duka la mitumba. Jumatatu nilimpima Espoir helmeti, akiwa na nywele kama msitu. Jumatano jioni alikuja nyumbani akaketi kwenye kiti, nikaondoa msitu wote mpaka kichwa kikang'aa. Tukacheka, mama yangu akampa ugali na samaki, akaenda zake. Alhamisi nikapakia helmeti kwenye kasha lake, nikapanda lori na Mzee Walt, tukaondoka. Mkono huo huo uliopima na kunyoa haukuwahi kukumbuka kuwa umefanya yote mawili.

Sisi watu wa vifaa tunatangulia kwa lori, wachezaji wanakuja kwa ndege. Columbus ni kama mwendo wa saa tano na nusu kutoka hapa ukipita Cleveland. Chumba cha wageni huwa kidogo kwa makusudi, hilo mlizoee. Sisi wanaume mia tunavaa mahali pa wanaume sitini, mmoja akinyanyua kiwiko mwingine anatoka damu puani. Nilikuwa natoa taulo nje kwenye uzio wakati mzee mmoja mnene, mwenye fulana nyekundu inayopasuka tumboni, alinipigia kelele kutoka juu.

"Wewe wa taulo! Umeleta ngapi za kufutia machozi?"

Mimi nikaangalia chini. Mzee Walt ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa. "Mia moja na ishirini! Mia moja na kumi na tisa ni zetu, na moja kubwa ni ya tumbo lako!"

Watu wa jukwaa zima wakacheka, hata yule mzee. Niliona kwamba hofu ya Mzee Walt ilikuwa inatokea mdomoni kama mzaha. Yangu ilikuwa inakaa tumboni tu na haitoki.

Wakati wa kupasha misuli nilimwona Espoir akikimbia, na helmeti yake ikicheza. Kidogo tu. Kama chungu kisichokaa vizuri kwenye mafiga. Nikajua papo hapo: nywele. Pampu ilikuwa mfukoni mwangu. Lakini alikuwa amesimama na kocha mkuu na wasaidizi wake wawili, wanaume wakubwa, wote wanaongea kwa haraka, na ili nimfikie ilibidi nipite katikati yao niseme, "Samahani." Neno moja. Nikajiambia watakapomaliza. Walipomaliza, wimbo wa taifa ukaanza. Wimbo ulipoisha, Espoir akaitwa kuanzisha mchezo.

Aliupiga mpira vizuri sana, akakimbia mbele na wenzake, na mchezaji mmoja wa wenyeji akamgonga begani kutoka ubavuni. Hakikuwa kipigo kibaya. Lakini helmeti ilitoka, ikabingirika kwenye majani, na kichwa kile nilichokinyoa mimi kikabaki wazi kinang'aa kwenye jua, katikati ya miguu ya watu wanaokimbia wenye uzito wa magunia mawili kila mmoja. Goti moja lilipita karibu na sikio lake. Televisheni ikalirudia goti hilo mara tatu.

Alipasuka mdomo tu. Tulipigwa vibaya, lakini matokeo siyakumbuki. Nakumbuka Jumapili.

Maman Neema alikuwa ameikusanya nusu ya kanisa sebuleni kwake kutazama mechi, na sufuria mbili za wali. Jumapili aliponiona nje ya kanisa hakupiga kelele. Ningependelea apige.

"Byamungu. Niliona kichwa ya mutoto wangu bila kofia. Ilitoka namna gani?"

"Ililegea, Maman."

"Ulijua kama ililegea?"

Hapo ningeweza kudanganya. "Nilijua," nikasema. "Niliogopa kuwakatiza wakubwa."

Halafu akasema, "Haya basi," akaingia ndani. Hakuna tusi lililowahi kuniuma kama hiyo haya basi.

Tangu siku hiyo nilianza kupima helmeti ya Espoir mpaka akachoka na mimi. "B, you're crazy," alikuwa ananiambia. Nilimpima asubuhi, nikampima mchana. Mwaka mzima sikumnyoa, nikampeleka kwa Mrundi mmoja wa mtaa wa East Side ili nikumbuke kwamba mnyoaji na mpimaji ni watu wawili. Usiku nilikuwa naota goti.

Jambo jingine nililojifunza kwa Mzee Walt nilijifunza kwenye lori, tukielekea Louisville, kwenye mechi ya kualikwa ya mwaka uliofuata. Louisville ni mbali, unaipita Columbus, unaipita Cincinnati, siku nzima inaisha. Mzee Walt huwa anaongea akiendesha. Aliniuliza, "B, unajua daktari wa timu anafanya nini mchezaji akigongwa kichwa na akakataa kukaa nje?"

Nikasema sijui.

"Anachukua helmeti yake. Haongei naye, habishani, kwa sababu kijana wa miaka ishirini atabishana mpaka kesho. Anaichukua na kuificha. Hakuna mwamuzi anayemruhusu mtu kuingia bila helmeti. Mara ngapi nimefungia helmeti kwenye makasha yangu! Mmoja alinitafuta kila mahali, kumbe nimeikalia."

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilicheka pia. Mtu wa lori la mbele angetuona angedhani tunakwenda harusini.

Louisville kulikuwa na joto la kunata. Nilipima helmeti zote mara tatu na kutoa hewa kidogo kwenye kila moja. Ya Espoir niliipima mara sita. Ilimkamata vizuri, ngozi na helmeti vilikwenda pamoja. Aliniambia kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza kazini aliniita yaya. "Yaya, coach amesema ni leo. Nikipiga vizuri leo, ufadhili ni wangu."

"Mungu akusaidie," nikamwambia.

Na mechi ile, wadogo zangu, ilianza kwenda vizuri, na hapo ndipo hofu yangu ilipozidi. Ukipigwa pointi arobaini hakuna la kuogopa, unahesabu taulo unasubiri kwenda nyumbani. Sisi tulikuwa tunalingana nao. Mpaka mapumziko Espoir alikuwa amepitisha mipira mitatu kati ya nguzo, na uwanja mzima umenyamaza kama darasa lililofumaniwa. Mzee Walt alikuwa ameacha mizaha. Nilipomwona ameacha mizaha, nilianza kuhesabu upya mikanda ya kidevu.

Zikiwa zimebaki dakika chache mchezo uishe tulifunga, tukabaki nyuma kwa pointi mbili tu. Espoir akaingia kuanzisha mchezo tena. Aliupiga mpira mbali, lakini yule aliyeudaka alikuwa na mbio za swala, akawapita wetu wote mmoja baada ya mwingine, akabaki Espoir peke yake kati yake na mstari wa mwisho. Mpigaji hatarajiwi kufanya kitu hapo. Espoir alijirusha. Nilisikia mlio wa helmeti mbili, mlio mkavu kama wa sahani za bati. Yule mkimbiaji akaanguka. Espoir akaanguka, akainuka mwenyewe, akakimbia kurudi kwetu, na benchi zima likampokea kwa makofi ya mgongoni. Mpigaji amemwangusha mtu! Helmeti haikutoka. Mkanda wa kidevu ulikuwa umefungwa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikadhani kazi yangu imeisha.

Dokta Linda, daktari wetu, alimkalisha akamwuliza jina lake, mji tuliopo, nani anaongoza. Alijibu yote, kwa Kiingereza kizuri. Akamwangalia macho. "Kaa hapa, nitakuangalia tena baada ya dakika chache," akamwambia. Papo hapo mchezaji wetu mwingine akaanguka upande wa pili na mguu umejikunja vibaya, na Dokta Linda akakimbilia huko.

Espoir akaja kwenye meza yangu ya vifaa na helmeti mkononi. Nilidhani anataka mkanda mpya. Aliiweka mezani, akaniangalia, akasema kwa Kiswahili, wazi kabisa, kwa sauti ya mtoto:

"Yaya, papa alishafika?"

Nikadhani sikusikia vizuri. "Nani?"

"Papa. Alisema atakuya na lori. Mulimuwekea kiti?"

Joto lote la Louisville lilinitoka mwilini. "Espoir," nikasema, "baba yako..." sikumalizia. Alikuwa anaangalia juu, kwenye majukwaa, anatafuta. Halafu akapepesa macho kama mtu aliyeamshwa, akarudi kwenye Kiingereza. Akasema yuko sawa, nimpe maji. Nikampa. Alipokuwa anakunywa nikamwambia, "Umeniuliza habari ya baba yako sasa hivi." Akasema hakuniuliza. Nikamwambia umeniuliza. Akanisogelea, akanishika fulana.

"Yaya, usiniharibie. Kichwa inaniuma kidogo tu. Usiseme kwa mutu."

Wachezaji waliokuwa karibu walisikia, wakacheka. "Sikieni, Espoir anaongea Kiafrika, ameshakuwa simba leo!" Walidhani ni furaha. Katika watu mia pale pembeni ya uwanja, mimi peke yangu ndiye niliyeelewa alichokisema. Sikuwa na wa kumwachia.

Nilimtafuta Dokta Linda kwa macho. Alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa uwanja, watu wamemzunguka. Na saa ilikuwa inakwenda. Mpira ukarudi kwetu, vijana wetu wakaanza kusogea mbele, yadi kumi, yadi kumi tena. Kila mtu aliona tunakokwenda: tutasimama mbele ya nguzo, na Espoir ataitwa, apige mpira ambao nyuma ya kanisa anaupiga akiwa na ndara.

Espoir akageuka kushangilia na wenzake. Nikaichukua helmeti yake pale mezani. Sikufikiri, wadogo zangu, mikono ilienda yenyewe. Nikaitia kwenye kasha kubwa. Nikakumbuka helmeti mbili za akiba, nikazitia nazo. Nikafunga kufuli, nikakaa juu.

"Mpigaji! Mpigaji!" Kocha mkuu.

Espoir akaja mbio mezani. "B, helmet." Akaangalia chini ya meza, nyuma ya meza, kwenye ndoo ya maji. Akaniangalia nilipokaa. Akaelewa. "Yaya, toka."

Nikatikisa kichwa.

"Toka! Toka, yaya! Unanichukia? Uliniacha kichwa wazi mbele ya Amerika nzima, na leo unaninyima hii?"

Alinivuta mkono. Nilishika mpini wa kasha. Kocha msaidizi akaja anafoka, na nyuma yake Mzee Walt, uso mwekundu.

"B. Fungua hilo kasha."

Sikuwahi kumwambia Mzee Walt hapana. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote hapana, nchi hii nzima.

"Hapana," nikasema.

"Nini?"

"Ameniuliza kama baba yake amefika. Ameniuliza kama tumemwekea kiti." Kiingereza changu kilikuwa kinavunjika vipande vipande. "Baba yake amekufa. Alikufa zamani. Ameniuliza kwa Kiswahili, nyinyi hamkusikia. Kichwa chake si kizima."

"Anadanganya!" Espoir akapiga kelele.

Kocha msaidizi akasema hakuna wakati, zimebaki sekunde kadhaa, mwondoeni huyo. Mzee Walt alimwangalia Espoir usoni, akaniangalia mimi. Halafu mzee yule mwenye magoti mabovu akageuka taratibu, akakaa juu ya kasha, kando yangu, bega kwa bega.

"Mtuondoe wote wawili," akasema. "Na mimi ni mzito."

Akaingia mpigaji wa akiba, kijana mzuri wa mwaka wa kwanza. Mpira ulipita nje ya nguzo ya kushoto. Uwanja wa Louisville ukalipuka. Tulipoteza kwa pointi mbili.

Espoir alikaa kwenye majani akalia. Dokta Linda alirudi, Mzee Walt akamweleza, akampima upya na kwa muda mrefu, na safari hii kuna maswali aliyashindwa. Walimpeleka hospitali hukohuko. Waliona ubongo umetikisika, wakamkataza mchezo msimu mzima. Nilimwuliza Dokta Linda baadaye: je, angeupiga ule mpira, ingekuwaje? Akasema labda asingeguswa na mtu, angepiga na kutoka. Labda angeguswa. "Hakuna anayejua, B." Nilitaka aniambie kwamba ningemfungulia ningemwua. Hakuniambia.

Ufadhili alipewa yule wa mwaka wa kwanza, ambaye alipiga vizuri mechi zote za ligi. Espoir aliacha timu. Anasoma chuo kidogo cha mjini, na jioni anafanya kazi kiwandani. Kanisani alihamia upande wa pili, karibu na dirisha, miezi mingi hakunisalimu. Maman Neema alinisalimu, lakini hakusema neno juu ya jambo lile. Nadhani naye alikuwa amegawanyika: mama ndani yake alikuwa ananishukuru, na yule aliyeota mwanawe amevaa joho la chuo kikubwa alikuwa hawezi.

Mwezi uliopita Espoir alinisubiri nje baada ya ibada. Alikuwa ameshika funguo za gari, anazigeuza geuza.

"Yaya," akasema, "ile siku mi sikumbuki kitu. Tangu mapumziko mpaka hospitali, hakuna. Watu wananiambia nilikutukana."

"Kidogo."

"Na nilikuuliza papa."

"Ndiyo."

Gari mbili zikapita. "Nilisema iko namna gani? Sura yake? Nilikuambia kama namuona?"

Yeye hana picha ya baba yake hata moja, na alipokufa hakuwa na umri wa kukumbuka. Nilitamani kumpa kitu. Nikafikiri nitunge, niseme ulisema ni mrefu, ulisema anacheka. Lakini nilimwambia ukweli. "Ulisema tu atakuja na lori. Ukaangalia juu kwenye viti, ukamtafuta."

"Nilimupata?"

"Sijui, Espoir. Nilikuamsha."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayejifunza njia. Hakunishukuru wala hakunisamehe. Akaniuliza tu kama naelekea nyumbani, akanipeleka kwa gari.

Wadogo zangu, pampu mtafundishwa na wenzenu, na sabuni vaeni glavu. Hilo jingine hamtafundishwa na mtu. Mtasimama pembeni mwa uwanja mkubwa, timu yetu ndogo ikiwa karibu kushinda, na mtakuwa mmeona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona. Mimi mara ya kwanza nilinyamaza, mara ya pili nilikalia kasha, na zote mbili bado zinaniamsha alfajiri. Kwa hiyo naomba mniandikie. Msiniandikie kunisifu, mwandiko wenu mbaya utanitosha. Mniambie kama mngemfungulia. Karatasi mpeni katibu wa vijana, naye atanifikishia. Nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nitasoma zote, na atakayesema nilikosea nitaanza kumjibu yeye.